Kijana Amerudi na Kiu: Umwekee Nini?

Basi likisimama njia panda ya Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo, abiria hajanyanyuka kwenye kiti ameshaoneshwa dirishani maji, soda na kinywaji cha kuongeza nguvu. Mwanafunzi anayepita hapo akitoka shule naye huvioneshwa, tena kila siku. Ana hela kidogo mfukoni na jua limemchoma. Anachokitafuta ni ubaridi. Nyumbani kuna maji, lakini yako kwenye dumu, yana uvuguvugu na harufu ya plastiki. Wazazi wakiniuliza kinywaji gani kinawafaa vijana, mimi huuliza kwanza: akiingia ndani sasa hivi, cha baridi ni kipi?

Kuna na jambo la heshima. Huku kwetu mgeni akifika, mtoto hutumwa dukani kufuata soda, na mgeni aliyepewa maji matupu huwa na la kusimulia akirudi kwao. Kijana aliyekuwa akigawana chupa na mdogo wake, siku anayopewa ya peke yake anajua amekua. Ndiyo maana mzazi anayepiga soda marufuku kwa ghafla hugombana na mwanawe, amemvua cheo. Mimi sipendekezi marufuku. Soda ibaki ya sikukuu na ya wageni, ila kreti lisilale ndani.

Hesabu yenyewe ni hii. Soda ya kola ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 hubeba gramu 37 hivi, yaani vijiko tisa vya chai. Ya nusu lita hufika 13. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 50, au 25 kwa kipimo kikali. Chupa moja imeshavuka hicho cha pili, na bado hajala wala hajanywa chai ya jioni.

Hapo mzazi hukimbilia juisi ya miwa, kwa kuwa ni ya asili na imekamuliwa mbele ya macho yake. Maji ya muwa yana sukari asilimia 12 hadi 15. Yanaipita soda! Na barafu inayotiwa humo, maji yake yalitoka wapi? Juisi ya machungwa ni afadhali kidogo, ila glasi moja hula machungwa matatu, wakati anayeyamenya huridhika na mawili na nyuzinyuzi zake akazipata. Ubuyu na ukwaju nina imani navyo zaidi, kwa sababu sukari yake huipima mwenye jagi. Vijiko vinne vya chakula kwa lita mbili ni karibu robo ya utamu wa soda. Usiushushe siku moja. Upunguze wiki hadi wiki, ulimi utazoea.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni hivyo vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 la aina iliyoenea lina miligramu 80 hivi za kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, iliona kipimo kisicholeta wasiwasi kwa mtoto na kijana ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 45 basi ana 135, na makopo mawili yanampitisha. Wanaovinywa sana ni watahiniwa wa kidato cha nne wanaokesha na daftari. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini: aliyekunywa saa mbili usiku, saa saba usiku bado amebaki na nusu yake. Usingizi, ambao kijana anauhitaji saa 8 hadi 10, ndio unaopanga kumbukumbu ya alichosoma, na yeye ameufukuza kwa hela yake mwenyewe. Madaktari wa watoto wa Marekani walitamka mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika mlo wa watoto na vijana. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata 2016, Poland 2024. Hapa kwetu mlinzi wa kwanza ni mzazi, na kwenye hili simshauri ajadiliane.

Turudi kwenye maji. Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe kidonge cha WaterGuard kwa ndoo ya lita 20 na kuachwa nusu saa; yakiwa na tope, yatuame na kuchujwa kwanza. Hiyo ni kinga ya kipindupindu na homa ya matumbo. Kichocho ni habari nyingine: kijidudu chake hupenya kwenye ngozi, kwa hiyo anayeingia ziwani hadi magotini kuteka maji anaweza kuambukizwa hata kama hajameza tone. Ubaridi hauhitaji friji wala umeme. Mtungi wa udongo huvuja jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto la maji ya ndani. Uweke kivulini penye upepo, ufunike, uchote kwa kata yenye mpini mrefu ili mikono isiguse maji.

Halafu kuna mgando, utajiri ambao Usukuma unao na vijana wanauona wa kizee. Miaka hii ndiyo ya mifupa kujijenga, na glasi ya mililita 250 ina kalisi karibu miligramu 300, kati ya 1,300 ambazo wataalamu wa Marekani humpangia kijana kwa siku. Hata ambaye maziwa mabichi humvuruga tumbo, mgando mara nyingi humkalia vizuri, kwa kuwa uchachu umeshapunguza ile sukari ya maziwa. Ila kuchacha hakuui kila kijidudu cha brusela. Chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo utie mgando wa jana.

Kwenye pombe sitakawia. Kuna wanaosema afadhali aionje kwenye sherehe ya nyumbani nikimwona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo, na viroba vilipigwa marufuku Machi 2017. Ubongo wa kijana unaoendelea kukua haujui kama glasi aliipata baa au kwa mjomba.

Imebaki chai, ambayo hakuna anayeishuku. Ya rangi, pamoja na michembe, sina ugomvi nayo. Shida ni pale inaposhushiwa ugali, dagaa na mchicha, maana tanini zake hushika madini ya chuma ya mbogamboga na kuyazuia kuingia mwilini, mara nyingi zaidi ya nusu yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Binti aliyevunja ungo anahitaji chuma miligramu 15 kwa siku, kaka yake 11. Mezani mchana mpe ubuyu uliolowekwa bila kuchemshwa, kwa kuwa una vitamini C nyingi inayosaidia chuma kupita na ambayo moto huiharibu. Chai yake na michembe aikute saa kumi.