Moto Chini na Moto Juu: Namna ya Kuoka Kuku Mzima Chunguni

Watu wengi hudhani kwamba kuku mzima hawezi kuokwa nyumbani pasipo tanuri la stima au la gesi. Karani aishiye katika chumba cha kupanga humkata kuku wake vipande vipande akampika mchuzi, si kwa kuwa apenda mchuzi kila siku, bali kwa kuwa aamini hana njia nyingine. Mkulima naye, mwenye kuku uani na makaa ghalani, hufikiri kuku wa kuoka ni chakula cha hoteli. Yafaa wasomaji wajue ya kwamba dhana hiyo si kweli. Tanuri wanalo tayari, nalo ni chungu kizito, kifuniko chake, na makaa machache.

Katika visiwa vya Lamu, kama katika pwani yote ya Waswahili, jambo hili si geni. Mpishi akiisha kukausha maji ya wali, huondoa moto mwingi chini ya chungu, akatia makaa mekundu juu ya kifuniko. Kazi hiyo huitwa kupalia. Mkate wa kumimina, uliotengenezwa kwa mchele na tui la nazi, huiva kwa njia iyo hiyo, nao hutoka na uso wa rangi ya dhahabu ambao moto wa chini peke yake hauwezi kuuleta.

Ulaya nako walifuata njia hiyo. Mwaka 1707 Mwingereza mmoja, jina lake Abraham Darby, alipewa hati ya kuhifadhi haki yake ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na vyungu hivyo vikawa rahisi kupatikana. Baadaye wasafiri wa Marekani na wa Afrika Kusini walichukua vyungu vya chuma vyenye miguu mitatu, na vifuniko vyenye ukingo wa kuzuia makaa yasianguke. Walioka mikate na nyama porini, mahali pasipo na jiko wala nyumba. Maarifa ni yale yale ya kupalia.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Chungu kikipata moto wa chini tu, nyama inayogusa chuma huungua, na ile ya juu huchemka kwa mvuke ikabaki nyeupe na laini. Ngozi ya kuku haigeuki rangi mpaka ikauke na kupata joto lipitalo lile la maji yanayochemka. Makaa ya juu huutia kifuniko joto, kifuniko nacho hulishusha joto hilo juu ya nyama, na hivyo kuku huiva pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tena chungu kilichofunikwa hakipotezi joto ovyo, kwa hiyo makaa machache hufanya kazi kubwa.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Mchague kuku mchanga wa kilo 1 na nusu hivi. Akiwa ni kuku wa kienyeji aliyekomaa, hapana budi kwanza umchemshe polepole kwa dakika 45 au zaidi, mpaka uma uingie pajani bila ya shida. Asiyefanya hivyo atapata kuku mzuri wa kutazama asiyetafunika. Supu yake usiimwage, itafaa kwa wali.

Twanga thomu, tangawizi, pilipili manga, bizari nyembamba na chumvi, uchanganye na maji ya ndimu. Mpake kuku nje na ndani, umwache kwa muda wa saa moja, kisha umfute majimaji. Panga chini ya chungu vipande vya vitunguu na viazi vikubwa, au vijiti vibichi vya makuti, ili kuku asiguse chuma. Tia maji kikombe kidogo tu. Ukitia maji mengi utakuwa umechemsha, hukuoka.

Kwa chungu cha upana wa sentimita 25, weka vipande 7 vya makaa chini na vipande 14 juu ya kifuniko, kila kimoja kiwe na ukubwa wa limau. Kanuni ya kukumbuka ni hii: fungu moja chini, mafungu mawili juu. Makaa ya chini yapangwe kwa duara, yasirundikwe katikati. Kila baada ya dakika 15 kigeuze kifuniko robo ya mzunguko, na chungu nacho kigeuze upande wa pili, maana makaa hayawaki sawasawa. Yakififia, ongeza mengine yaliyokwisha kuwa mekundu. Walio karibu na minazi waweza kutumia vifuu, ambavyo hutoa makaa makali pasipo kukatwa mti.

Usifunue chungu mara kwa mara, kwani kila ukifunua joto lote hutoka. Kuku mchanga huchukua saa moja na robo hivi. Yule aliyechemshwa kwanza, nusu saa yamtosha. Dakika 10 za mwisho, kung'uta majivu, ufunue kwa uangalifu, umpake kuku tui zito la nazi, ufunike tena. Tui likitiwa mapema hukatika na kuungua. Ili kujua kama ameiva, choma paja karibu na mfupa: maji yatokayo yawe meupe, yasiwe na damu. Mwenye kipima joto ahakikishe nyama imefika nyuzi 74 za Selsiasi.

Kuna hatari tatu za kuangaliwa. Ya kwanza ni sufuria nyembamba ya alumini. Madini hayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 660, na makaa yanayopepewa yaweza kufika hapo. Basi tumia chuma, au sufuria nene, wala usipepee moto wa chini. Ya pili ni hewa ya sumu itokayo katika makaa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa. Wazee wa Lamu walioweka jiko katika orofa ya juu ya nyumba zao za mawe walifanya jambo la busara, kwa kuwa moshi na hewa mbaya hupata njia ya kutoka. Ya tatu ni cheche. Penye paa la makuti, usipalie chungu chini yake wakati wa upepo, na makaa uliyoyaondoa uyazime kwa mchanga au maji.

Jambo hili si la anasa. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jumuiya, na bei ya makaa ikapanda katika miji mingi. Wengine wamehamia gesi, ambayo ina faida zake, lakini moto wake hutoka chini tu, na vijana waliolelewa nayo hawajui kupalia. Maarifa yasiyotumiwa hupotea katika kizazi kimoja, na anayeyapoteza hulazimika kununua dukani kile ambacho bibi yake alikipata kwa makaa ishirini na moja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku mgeni atakapobisha hodi na kuku akawa mmoja tu, mwenye kujua kupalia atamweka mezani akiwa mzima, naye kila mlaji atapata fungu lake.