Mbao Zetu: Uganda na Kenya, Nani Ananunua Kupita Mwenzake?



Malori ya mbao kutoka upande wa Mambasa tunayajua. Mengine yanapita kwetu Mahagi na kuingia Uganda kwa Goli, mengine yanavukia Kasindi. Sehemu ya mbao inabaki Kampala, sehemu inaendelea mpaka Nairobi. Basi, kati ya Uganda na Kenya, nani ananunua mbao ngumu nyingi kupita mwenzake, na mambo yamegeuka namna gani mwaka kwa mwaka? Mbele ya kujibu, tuangalie mambo manne.

1. Kitu gani kinahesabiwa? Kwa duane, mbao ngumu ni mbao za miti ya majani mapana: libuyu, mvule, hata mikalitusi ya vilima vyetu. Paini na sipre hazimo. Magogo yana namba 4403, mbao zilizopasuliwa 4407. Lakini ndani ya 4407 paini nayo iko. Lazima kuitenga kwanza.

2. Feza gani? Tuseme kila nchi inanunua mbao za dola 1.000. Katika 2018 dola moja ilikuwa karibu shilingi 100 za Kenya; Januari 2024 ilifika karibu 160. Kwa hiyo mbao zilezile zinaandikwa 100.000, halafu 160.000. Kwa Uganda dola ilitoka karibu 3.700 ikafika karibu 3.800 tu. Ukifuata shilingi, utasema Kenya imepanda sana na Uganda imesimama. Kumbe hakuna hata ubao mmoja ulioongezeka! Geuza zote kuwa dola kwanza.

3. Feza si miti. Bei ikipanda mara mbili na mbao zikipunguka nusu, jumla inabaki ileile. Kwa hiyo weka meta za ujazo kando ya dola. Tena uliza habari ya ile miaka. Februari 2018 Kenya ilikataza kukata miti katika misitu ya serikali, na 2023 serikali ilitangaza kuliondoa katazo lile. Wakati ule wafanyabiashara walitafuta mbao inje. Mtu akilinganisha 2017 na 2019 bila kujua hayo, atapotea.

4. Njia gani? Mbao zinazopita tu Uganda zikienda Kenya, zihesabiwe Kenya peke yake. Lakini zikinunuliwa Kampala, halafu zikauzwa tena Nairobi, zinaandikwa katika nchi mbili. Ukijumlisha, umehesabu lori moja mara mbili.

Sasa, faida yetu ni nini? Hii: chukua yale Kongo imeandika kwamba yametoka, uyaweke kando ya yale majirani wameandika kwamba yameingia. Tofauti ndogo ni kawaida, kwa sababu wao wanaongeza gharama ya kusafirisha. Lakini meta za ujazo zikipitana mbali sana, pengine mbao zimepita gizani, na ushuru wake haukujenga barabara wala shule. Libuyu inakomaa kwa miaka mingi kupita maisha ya mtu. Kuikata ni kazi ya siku moja.

Mithali 11:1 inasema juu ya mizani. Hesabu nayo ni mizani. Tujifunze kuishika vizuri.