Muuguzi na Miezi Sita ya Subira

Maradhi ya kifua kikuu, ambayo chanzo chake kilibainishwa na tabibu Robert Koch mjini Berlin mwaka 1882, yana dawa, na nchini Tanzania dawa hizo hutolewa bila malipo. Lakini zimewekewa sharti moja zito, nalo ni muda. Kwa desturi mgonjwa hutakiwa azimeze kila siku kwa miezi sita pasi na kukatiza: miezi miwili ya awali dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na minne iliyosalia zile mbili za kwanza. Kulitimiza sharti hilo ni kazi ya mgonjwa, na kumwezesha alitimize ni kazi ya muuguzi, ambayo aghalabu haionekani wala haisifiwi ipasavyo.

Shida kubwa huja maradhi yanapolegea. Dawa huanza kuwaua vijidudu wanaozaana kwa kasi, hata baada ya majuma machache kikohozi kikapungua, homa ikatoka, hamu ya chakula ikarejea, na mtu akajiona mzima. Ilhali ndani ya mapafu wamebaki vijidudu waliolala, ambao hawaangamii ila kwa tiba ya muda mrefu. Anayeacha dawa wakati huo hujitia katika hatari ya kurudiwa na maradhi, na pengine ya kupata vijidudu sugu, ambao tiba yao ina adha nyingi zaidi. Kwa hiyo muuguzi mwenye hekima humweleza mgonjwa habari hii tangu siku ya kwanza, kabla nafuu haijaja kumghuri.

Humweleza pia atakayoyaona. Rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, hata ya jasho na machozi, ikawa nyekundu au ya chungwa, na asiyetangulia kuambiwa huingiwa na fadhaa akidhani ni damu. Ganzi ya miguu, ambayo nayo huweza kuletwa na dawa hizi, huzuiwa kwa vitamini B6. Lakini macho yakiingia manjano au uoni ukififia, aje kituoni mara moja, asingoje siku ya kliniki. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huarifiwa, kwa faragha na staha, kwamba rifampisini huvipunguza nguvu.

Zamani iliaminiwa kwamba hapana budi mgonjwa alazwe miezi mingi. Uchunguzi uliofanywa Madras, India, na kuanza kutangazwa mwaka 1959, ulionyesha kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, wala jamaa zao hawakuzidi kuambukizwa. Tanzania nayo, tangu mwaka 2006, humwachia mgonjwa hiari ya kumeza dawa kituoni, au nyumbani mbele ya msimamizi anayemchagua mwenyewe, awe mke, mwana au jirani mwaminifu. Huyo naye hufunzwa na muuguzi kushuhudia dawa ikimezwa, kutia alama kwenye kadi, na kutoa habari mapema mambo yakiharibika. Watoto wa nyumba hiyo, hasa walio chini ya miaka mitano, huitwa wachunguzwe, na wasio na maradhi hupewa dawa ya kinga.

Mgonjwa asipotokea siku yake, muuguzi humtafuta. Akimkaripia, ataambulia udhuru wa uongo. Akimuuliza kwa upole, huenda akasikia kwamba nauli imekosekana, kwamba moyo humchafuka kwa kumeza vidonge pasipo chakula, au kwamba anachelea majirani wasije wakamtenga. Taabu iliyosemwa wazi hutafutiwa njia: dawa zihamishiwe zahanati ya karibu, saa ya kumeza ibadilishwe, jamaa waelezwe kwamba tiba sahihi hupunguza uambukizaji upesi.

Makohozi hupimwa tena mwezi wa pili, wa tano na wa mwisho, ndipo mgonjwa aandikwe kuwa amepona. Basi tunapotenga fedha za kupambana na maradhi haya, tusihesabu vidonge na mashine tu; tumhesabu na muuguzi, na chumba chenye sitara cha kuzungumzia, na nauli ya kumfuata aliyepotea, kwa maana dawa iliyoachwa njiani haijamponya mtu.