Zana za uvuvi Mpanda: bei ya kati imekwenda wapi?

Mnunuzi mwenye hela ya wastani anayeingia duka la zana za uvuvi mjini Mpanda hutoka na kimoja kati ya viwili: fimbo ya bei ya chini itakayomrudisha dukani kabla mwezi haujaandama mara mbili, au namba ya simu ya wakala wa Kariakoo. Katikati patupu. Ndoano zipo, za kila namba. Nailoni ipo, chubwi zipo, maboya yapo, na taa za betri zilizoisukuma karabai pembeni zimejaza rafu. Ila fimbo nzuri, yenye rili isiyokwama ikiguswa na mchanga, kwa bei ambayo mtumishi wa umma ataimudu bila kukopa, ni ya kuagiza.

Soko lenyewe ni dogo na hakuna sababu ya kulikuza. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, perege na kambale wa Ziwa Rukwa, wote wanaolisha mkoa huu wa Katavi, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye nyavu. Tafiti za miaka ya 1990 zilikadiria mavuno ya Ziwa Tanganyika kwa nchi zote nne kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka, na aliyekuwa akihesabu tani hizo hakuwa na haja ya kuwaza fimbo. Lakini mshipi na ndoano ndiyo njia ya kuingilia kazi hii kwa mtu asiye na mtaji. Kuvua dagaa kunataka chombo, wavu, taa, injini na watu wa kuwalipa. Mshipi unataka mtumbwi wa kuazima. Fimbo haitaki hata huo, kwa sababu mwambao wa Tanganyika una miamba inayoshuka ghafla kwenye kina kirefu, na mtu anaweza kusimama juu ya jiwe na kutupa.

Mfanyabiashara mmoja wa siku nyingi katika kazi hii, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, anawagawa wateja wake wa fimbo katika makundi matatu. Wapo watumishi waliohamishiwa Katavi kutoka Mwanza na Kigoma, ambao wamezoea maji na hawawezi kukaa Jumamosi bila kuyaona. Wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakipata. Na wapo vijana wa Karema, Ikola na Kapalamsenga, ambao hawavui kwa starehe hata kidogo. Hao wa mwisho wanamtafuta kuhe, samaki mkubwa wa ukoo wa perege asiyepatikana kwingine duniani ila ziwa hili, na kuhe mmoja mzima ni hela ya siku.

Wanamvua kwa chambo bandia, na hilo si jambo la kigeni kama wengine wanavyodhani. Wavuvi wa migebuka walikuwa wakifunga manyoya na nyuzi za kung'aa kwenye ndoano kabla ya plastiki ya China kufika Mpanda. Kilichobadilika ni samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele, ule unaomfanya azame na kutikisika kadiri anavyovutwa. Pakiti zake ni rahisi na zinauzika. Tatizo liko kwenye fimbo ya kumvuta.

Samaki huyu wa plastiki ana ndoano za meno matatu, ndogo na kali. Anayemdaka hushikwa juujuu, kwenye ngozi ya mdomo. Fimbo ikiwa ngumu, samaki akijikunyua mara moja tu ndoano inachana na kutoka. Ndiyo maana waliobobea katika uvuvi huu, hasa Marekani ulikokulia, hutafuta fimbo inayopinda kuanzia katikati, yenye urefu wa takriban mita 2.1, na rili inayovuta polepole. Fimbo inayopinda ncha peke yake ina kazi yake, ila si hii.

Sasa tazama mnunuzi wa Mpanda anavyochagua. Anaishika fimbo, anaitikisa hewani, anaikandamiza sakafuni. Ikikataa kupinda anasema hii ndiyo imara, analipa. Mwenye duka anajua, naye anaagiza kile kinachotoka. Kwa hiyo soko linazawadia sifa ile ile inayompotezea mvuvi samaki, na sioni nani wa kulilaumu kwa hilo.

Upande wa malighafi, ngazi ni tatu. Ya chini ni nyuzi za kioo, nzito na vumilivu. Inapinda vizuri, haivunjiki kirahisi, ila mkono huchoka ifikapo saa nne asubuhi. Ya juu ni kaboni, nyepesi kiasi kwamba mtu anasikia mdundo wa chambo mkononi, lakini ikigongwa kwenye ubavu wa mtumbwi hupata ufa usioonekana na huvunjika siku ya samaki mkubwa. Kaboni pia hupitisha umeme, jambo ambalo mtu wa Katavi, mwenye kuijua radi ya Desemba, hapaswi kulisahau. Katikati ndipo penye mchanganyiko wa hizo mbili, na kwa samaki wa plastiki mwenye ulimi, mchanganyiko huo ndio chaguo la busara. Ndio huo huo usiopatikana.

Maelezo ya kwa nini haupatikani yanaanzia stendi ya mabasi. Fimbo ya kipande kimoja ya mita mbili haikai kwenye buti pamoja na viroba. Kondakta huitoza kama mzigo mrefu, na ikifika imevunjika ncha hakuna wa kudai. Lami ya barabara ya Tabora imepunguza siku za safari, haikupunguza hatari hiyo. Kwa hiyo fimbo inayotawala Mpanda ni ile ya kuchomoa kama eriali ya redio, inayoingia kwenye begi na kupanda bodaboda. Kila kiungo chake ni mahali pa kuvunjikia, pete zake ni chache, na mpindo wake huenda kwa vituo badala ya kwenda kwa mkunjo mmoja. Ingefaa fimbo ya vipande viwili. Inasafiri vizuri na inapinda karibu sawa na ile ya kipande kimoja. Mfanyabiashara wetu anakubali, kisha anauliza ataweka hela yake pale hadi lini.

Hapo ndipo malalamiko yake yanapofunguka, nayo ni marefu. Anasema mtaji wake unazunguka kwa mwezi wa angani. Giza likiingia wavuvi wa dagaa wanakwenda majini. Mbalamwezi ikijaa taa hazina kazi, vyombo vinapanda nchi kavu, na hizo siku chache za kushona nyavu ndizo siku zake za kuuza. Ndoano na nailoni zinatoka kila mbalamwezi. Fimbo ya bei ya chini inatoka. Fimbo ya bei ya kati inaweza kukaa misimu miwili ikisubiri mtumishi apandishwe daraja. Mawakala wa Kariakoo humpa mali kauli kwa vitu vinavyotoka haraka. Kwa fimbo wanataka taslimu.

Lakini kinachomuuma zaidi si hicho. Anadai kwamba katika msako mmoja wa nyavu haramu, marobota yake ya mshipi wa nailoni yalichukuliwa pamoja na nyavu za timba zilizokamatwa kwa wengine. Timba imepigwa marufuku kwa sababu ni wavu wa uzi mmoja wa nailoni, usioonekana majini na usiooza unapopotea. Mshipi wa ndoano nao ni uzi mmoja wa nailoni, na ni halali. Anasema alieleza, akaonyesha risiti, akaambiwa aje kesho. Kesho yake ikawa wiki, na mzigo ukarudi pungufu. Tangu hapo hajazi ghala. Anaweka kinachoweza kuuzwa ndani ya mwezi, na fimbo za maana, ambazo huja na mishipi na vikolokolo vyake, ameziacha.

Ofisa mmoja wa uvuvi mkoani, naye bila kutaka jina lake litokee, anasema hajui tukio hilo na kwamba watendaji wanafundishwa kutofautisha wavu na mshipi. Inawezekana. Ila wauzaji wengine wawili, mmoja mjini na mmoja Karema, walipoulizwa walicheka kabla ya kujibu.

Ofisa huyo alitaka zaidi kuzungumzia mapumziko ya ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kutekeleza makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, na kwa maelezo yake samaki waliongezeka baada ya kufunguliwa, wakawa wakubwa zaidi. Huenda ni kweli. Wavuvi wenyewe hawakatai kwamba wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Lakini ongezeko hilo limepimwa kwa mizani ya nani? Kwenye mialo mingi dagaa wanauzwa kwa ndoo na migebuka kwa fungu, na ndoo ya Ikola si lazima iwe ndoo ya Karema. Asilimia yoyote inayotoka kwenye hesabu ya namna hiyo inapaswa kupokelewa kwa mikono miwili, mmoja ukiwa umeshika penseli.

Kwa wauza zana, miezi hiyo mitatu ina maana moja: hakuna mauzo ya ziwa. Bahati yao ni kwamba inaangukia kwenye mavuno ya mpunga, na hela ya mashamba ya Mpimbwe huingia mjini kipindi hicho. Baadhi hugeuza rafu na kuuza maturubai. Mfanyabiashara wetu anasema hajawahi kusikia mpango wa kumfidia muuza ndoano, ingawa mikopo nafuu ya boti na vizimba imehubiriwa sana.

Kuna pia bandari ya Karema, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 47.9 na ambayo kila kiongozi anayepita huitaja. Hoja ni kwamba itaifungua Katavi kwa Kongo, hivyo na zana za uvuvi zitapata soko ng'ambo, Kalemie na Moba. Hoja hiyo ina mantiki. Wakongo wananunua nyavu na taa, na mzigo unaotoka Dar es Salaam hauna sababu ya kuzunguka Kigoma kama gati lipo Karema. Lakini gati halina faida bila barabara ya kuaminika msimu wote kati yake na Mpanda, na bila meli zenye ratiba. Wafanyabiashara niliozungumza nao wanaitaja bandari kwa heshima kisha wanarudi kuzungumzia nauli ya basi.

Forodha nayo ina kichekesho chake. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, nyavu za uvuvi ziko sura ya 56, pamoja na kamba. Fimbo, rili na ndoano ziko sura ya 95, pamoja na wanasesere, michezo na mapambo ya Krismasi. Kwa hiyo ndoano inayolisha kaya ya Kapalamsenga inasafiri kwa jina la kifaa cha burudani, na anayeingiza fimbo za bei ya kati hana hadithi ya maisha ya wavuvi ya kumsimulia mkadiriaji.

Upande wa Rukwa hauna mengi ya kusema katika biashara hii. Maji ni ya kina kifupi na yana tope, perege hawafuati plastiki kwa wingi, na kambale anavuliwa kwa chambo cha nyama na mshipi mnene.

Kwa anayetaka kununua hivi sasa, ushauri wa wauzaji waaminifu unafanana. Kati ya fimbo za chini na ile ya Kariakoo usiyoiona, chukua ya nyuzi za kioo ya vipande viwili ukibahatika, na hela inayobaki uiweke kwenye rili na mshipi. Pitisha pamba ndani ya kila pete; ikinasa, pete ina ufa na itakata mshipi. Zungusha mpini kwenye kiti cha rili usikie kama unacheza. Ipinde ukiwa umeifunga mshipi, mtu akikushikia upande wa pili, badala ya kuikandamiza sakafuni, na kama nusu ya juu yote haishiriki, irudishe. Kwa samaki wenye meno ya kukata, kipande cha waya mbele ya chambo ni bei ndogo kuliko chambo.

Je, bei ya kati itarudi? Dalili ni hafifu. Shilingi ikiimarika dhidi ya dola, wakala wa Kariakoo anaweza kulegeza masharti, ingawa siku za nyuma alipopata nafuu hakuifikisha Mpanda. Vijana wa miambani wanaongezeka, kwa maelezo ya wauzaji wa Karema, na wao hawakandamizi fimbo sakafuni. Wanauliza inapindia wapi. Wakifika wengi wa kutosha, kuna atakayeagiza. Mfanyabiashara wetu anasema atajaribu chache za vipande viwili baada ya mpunga, iwapo ziwa litafunguliwa kwa tarehe iliyotangazwa na iwapo hapatakuwa na msako katikati. Mishipi hataagiza, mnunuzi atajitafutia mwenyewe.