Siku Moja Rumonge

Askari aliyepata siku moja tu ya mapumziko, na aitoe familia yake katika joto la Bujumbura. Barabara ya kusini yaambaa Ziwa Tanganyika, ikipita Mugere, penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliolala hapo Novemba 1871, watoto walione. Mwendo wa kilomita 70 na ushei kutoka mjini ndiyo Rumonge: michikichi, mitumbwi, Kiswahili sokoni, na mukeke wa kuchoma ambaye, kwangu mimi, hana mpinzani.

Ila ziwa lina mamba na viboko, na mwaka 2024 maji yalifurika yakameza fukwe na nyumba. Kabla watoto hawajaingia majini, wavuvi waulizwe kwanza. Mawese yanunuliwe wakati wa kurudi, kungali mchana.