Kasha la Barafu la Safari Ngumu: Tulichagueje?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Leo naomba ruhusa ya kuwapinga kidogo. Mtu anayekwenda kupiga kambi siku tatu mahali pasipo duka wala stima, asipochagua kasha lake la barafu vizuri, siku ya pili mchana atajuta. Nyama itaanza kunuka, maziwa yatachacha na soda zitakuwa moto kama chai. Na iwapo katika kundi kuna mwenzetu anayetumia insulini, hapo hatuzungumzii tena starehe. Tunazungumzia uhai wa mtu.

Kasha ninalolisema ni lile ambalo wengi wetu huliita kulaboksi. Watu hudhani kwamba kasha hili hutengeneza baridi. La hasha! Kasha halitengenezi baridi hata chembe. Kazi yake ni moja tu, kuzuia joto la nje lisiingie ndani. Baridi yote umeitia wewe kwa njia ya barafu.

Basi joto huingiaje? Hupita katika kuta, huingia na hewa kila mfuniko unapofunguliwa, na hutoka juani kwa miale. Sisi wa kidato cha tatu tunayasoma haya katika fizikia, kwenye mada ya kiasi cha joto. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334. Joto hilo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo sababu barafu inayoyeyuka hupoza kuliko maji baridi matupu.

Hebu tufanye hesabu. Chukua soda 24 za mililita 300 zilizokaa kwenye joto la nyuzi 30. Hizo ni kama kilo 7.2 za maji. Kuzishusha hadi nyuzi 5 kunataka kilojuli 756, yaani kilo mbili na robo za barafu zimeisha kabla gari halijafika mbali! Lakini soda hizo zikilala kwenye friji usiku na kufika nyuzi 10, barafu itakayotumika ni chini ya nusu kilo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina gharama: poza vitu nyumbani kwanza, na kasha lenyewe lipoze usiku kwa barafu kidogo ambayo utaimwaga asubuhi.

Sasa tuje kwenye kununua. Ukienda dukani utakuta makasha ya aina tatu hivi. La kwanza ni lile jeupe jepesi la polistairini, plastiki ya povu ile inayofungiwa televisheni mpya. Linazuia joto vizuri kwa bei ndogo, lakini likigongwa na jeki ndani ya gari limekwisha. La pili ni la plastiki ngumu yenye kuta mbili na povu katikati. Hili ndilo la pikiniki na harusi. Lichunguze mfuniko, maana mengine yana povu kwenye kuta lakini mfuniko ni mtupu, hewa tu ndani yake. La tatu ni lile zito lililotengenezwa kwa kuzungusha unga wa plastiki ndani ya kalibu yenye moto, hata ukuta wote ukawa kipande kimoja kisicho na maungio. Kisha hujazwa povu la poliyurethini. La lita 45 hivi huweza kuwa na uzito wa kilo kumi likiwa tupu.

Makasha haya yana historia. Mwaka wa 1953, Mmarekani Richard Laramy wa mji wa Joliet alipewa hataza ya kasha la barafu la kubebeka. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2006, ndugu wawili wa Texas, Roy na Ryan Seiders, walianzisha kampuni ya YETI. Walikuwa wavuvi, wakachoshwa na makasha ambayo ukisimama juu yake mfuniko unabonyea na vishikio vinang'oka. Kutoka hapo makasha mazito yakavuma, na kampuni nyingine nyingi zikaiga.

Je, sote tununue hilo zito? Ngoja kwanza. Jiulize maswali matatu: nakwenda siku ngapi, njia ikoje, na nimebeba nini? Mtu wa kulala usiku mmoja karibu na mji ambako barafu inauzwa, kasha la kawaida lililofunikwa blanketi linamtosha, na pesa zinazobaki atanunua unga. Lakini fikiria safari ya kaskazini. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ni ya lami siku hizi, ila ukiiacha pale Marsabit kuelekea jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana, utakutana na mawe, mchanga na vumbi. Huko gari linatikisika kutwa. Bawaba dhaifu hukatika, mfuniko hufunguka wenyewe, na vumbi hula pamoja nanyi. Kasha la bei ya chini likipasuka huko huna fundi. Rahisi ghali, walisema.

Mambo ya kukagua dukani ni haya. Kwanza, unene wa kuta. Kwa povu la aina moja, ukuta wa sentimita 5 hupitisha karibu nusu ya joto linalopita kwenye ukuta wa sentimita 2 na nusu. Ila kumbuka, ukuta mnene hula nafasi ya ndani, kwa hivyo uliza lita za ndani, usitazame ukubwa wa nje. Pili, mpira unaozunguka mfuniko. Weka kipande cha karatasi, funga, kisha kivute. Kikitoka kirahisi, hata hewa itatoka hivyo hivyo. Tatu, vifungio na bawaba: vipime kwa mkono, tena kwa nguvu. Nne, kizibo cha kutolea maji na mahali pa kupitishia kamba. Kasha lililojaa likirushwa gari linapofunga breki linaweza kumvunja mtu mguu. Usidanganywe na rangi na maandishi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kulitumia nako kuna ujuzi. Barafu ya bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa kuwa sehemu inayoguswa na joto ni ndogo. Gandisha maji safi katika vyombo vigumu vya lita mbili au tano, bila kuvijaza pomoni, maana maji yakiganda huvimba. Yakiyeyuka utayanywa. Jambo hili linafaa hasa kwetu, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa nchini Kenya. Jaza nafasi zilizobaki, weka kasha kivulini, na mkiweza bebeni mawili: moja la vinywaji linalofunguliwa kila saa, jingine la nyama lisilofunguliwa ovyo. Nyama mbichi ifungwe vizuri na ikae chini, isije ikadondoshea damu chakula kingine. Viini vya maradhi huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60, kwa hiyo kipimajoto kidogo ndani ya kasha ni rafiki mkubwa.

Nimetaja insulini. Ile ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini isiguse barafu kamwe! Ikiganda imeharibika, haitumiki tena. Itiwe ndani ya chombo chake, izungushiwe kitambaa, na mwenyewe aulize daktari au muuguzi wake kabla ya safari. Wahudumu wa afya wanaijua vyema kazi hii ya baridi. Kuna makasha ya chanjo ambayo kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani lazima yatunze baridi saa 96 penye joto la nyuzi 43. Hivyo ndivyo chanjo inavyomfikia mtoto wa mfugaji aliye mbali na stima.

Na barafu ikiisha kabisa? Rudi kwa bibi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya udongo hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Gunia lililoloweshwa maji hufanya kazi hiyo hiyo juu ya kasha. Njia hii hufaa sana penye hewa kavu kama Chalbi. Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu, nguvu yake ni ndogo.

Kwa hivyo ndugu zangu wa vyama vya shule mnaochangishana kwa ajili ya safari, kabla hamjatoa pesa, andikeni majibu ya yale maswali matatu kwenye karatasi. Kisha ingieni dukani na karatasi nyingine ya kupimia mfuniko. Muuzaji akiwacheka, mwacheni acheke. Tahadhari kabla ya hatari.