Bakuli Lililolambwa Si Ushahidi

Chukua chembe moja ya chakula kikavu cha mbwa uivunje katikati. Ndani ina vitundu vidogo vidogo mithili ya andazi. Nje, ukiipapasa, vidole vinabaki na mafuta. Mambo hayo mawili yanaeleza jinsi inavyotengenezwa. Unga wa nafaka, unga wa nyama, mafuta, vitamini na madini huchanganywa kwa maji na mvuke, kisha kinyunya hicho cha moto husukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo la chuma. Kinapochomoza, mgandamizo hushuka ghafla, maji yaliyomo hugeuka mvuke, chembe ikavimba, kisu kikaikata. Ufundi huu ulikuwa wa viwanda vya nafaka za kifungua kinywa nchini Marekani, na kampuni ya Ralston Purina ndiyo iliyouingiza sokoni kwa chakula cha mbwa mwaka 1957. Kabla yake zilitamba biskuti ngumu za kuokwa, alizoanza kuuza Mmarekani James Spratt jijini London mnamo mwaka 1860 hivi. Lakini hatua inayomhusu zaidi mnunuzi wa leo ni ile ya mwisho: chembe ikishakauka hunyunyiziwa mafuta ya wanyama, na mara nyingi pia rojo la maini na viungo vingine vya ndani vilivyoyeyushwa kwa vimeng'enya. Harufu ya mpako huo ndiyo inayomvuta mbwa hadi bakulini.

Kwa hiyo mbwa anapolamba bakuli mpaka likang'aa, anachokisifu ni mpako. Ulimi wake una vionjo 1,700 hivi, ilhali wa binadamu una takriban 9,000. Pua ndiyo inayomwamulia, na kiwanda kinaijua pua hiyo vizuri. Wapo watakaosema kwamba chakula kisicholiwa hakina faida hata kingekuwa bora namna gani. Ni kweli, na mbwa asiyekula kwa siku mbili anahitaji daktari wa mifugo, si mahubiri. Ila kukubali kula ni sharti la kwanza tu. Mbwa hukubali kwa furaha ileile mifupa ya kuku iliyopikwa, inayopasuka vipande vyenye ncha kali ndani ya utumbo, na hukubali chokoleti, ambayo theobromini yake inaweza kumuua. Hamu yake haiwezi kuwa hakimu wa kinachomfaa.

Hakimu wa kwanza yuko nyuma ya mfuko, kwa maandishi madogo. Upande wa mbele una picha ya paja la kuku na maneno makubwa, na hata maneno hayo yana vipimo ambavyo wengi hawavijui. Kwa kanuni za AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama nchini Marekani ambacho viwango vyake hutajwa kwenye mifuko mingi inayouzwa duniani, chakula kinachojiita moja kwa moja nyama ya ng'ombe kwa mbwa lazima kiwe na asilimia 95 ya nyama hiyo, bila kuhesabu maji ya kuchanganyia. Kinachojiita mlo wa nyama kinatosheka na asilimia 25. Kinachosema kina nyama ndani yake, asilimia 3. Na kinachosema kina ladha ya nyama hakidaiwi kiwango chochote, mradi ladha itambulike. Orodha ya viambato nayo hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi, ambaye sehemu yake kubwa ni maji, hukaa juu ya orodha kwa uzito wa maji yatakayokaushwa baadaye, huku unga wa kuku uliokwisha kukauka ukisogezwa chini ingawa una protini nyingi zaidi kwa kila gramu.

Sentensi ya kutafuta ni ile inayosema kwamba chakula ni kamili na chenye uwiano, na kwa umri gani: mtoto, mkubwa, au umri wote. Kukosekana kwake kunamaanisha kwamba ulichoshika ni kitafunwa, hata kama mfuko una kilo kumi na tano. Umri si jambo la kupuuza. Viwango vya AAFCO vinataka angalau asilimia 22.5 ya protini kwa mbwa anayekua na 18 kwa mkubwa, zikipimwa bila maji. Kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa, kama German Shepherd wanaopendwa sana kwa ulinzi, hatari zaidi ni kalsiamu kupita kiasi, kwa sababu katika miezi ya mwanzo utumbo wake hauwezi kuizuia ya ziada isiingie mwilini, na mifupa hukua vibaya. Mwenye nyumba anayemwongezea unga wa mifupa juu ya chakula kilicho kamili, akidhani anamjenga, anampinda miguu.

Hata namba za lebo zinahitaji mtu mwaminifu nyuma yake. Protini haipimwi yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kisha ikakadiriwa. Mwaka 2007 wafanyabiashara waliouza kutoka China protini ya ngano ya viwandani waliitia melamini, kemikali ya plastiki ambayo thuluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kikapanda, na huko Amerika Kaskazini mbwa na paka wakafa kwa figo kuharibika. Ndiyo maana kabla ya bei naweka swali hili: kiwanda kinamtaja mtaalamu wake wa lishe, na kinajibu kikiulizwa kinapimaje malighafi?

Hapo hutokea hoja yenye mashabiki wengi, kwamba mbwa ni mla nyama, nafaka ni za kujazia tumbo, na mfuko usio na nafaka ndio wa asili. Ushahidi unakataa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walilinganisha jeni za mbwa wa kufugwa na za mbwa mwitu wa kijivu, yule wa kaskazini mwa dunia ambaye ndiye wa ukoo wao, si yule mwenye mabaka wa Selous. Jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, AMY2B, ilikuwa na nakala mbili tu kwa mbwa mwitu, lakini kwa mbwa zilianzia 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kuishi kando ya makombo ya wakulima yameandikwa mwilini mwake. Kisha Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka wakiwa kwenye vyakula visivyo na nafaka, ambavyo njegere na dengu zilichukua nafasi ya mahindi na mchele. Uchunguzi haujathibitisha kwamba chakula ndicho kisababishi, na sitadai zaidi ya hapo. Lakini kulipa bei ya juu ili kuondoa kitu ambacho mbwa anakimeng'enya vizuri sioni sababu yake.

Msomaji wa Dodoma au wa Machakos atauliza: ikiwa ni hivyo, ugali na dagaa una kosa gani? Ugali wenyewe hauna kosa. Mbwa aliyeiva kiumri anaweza kupata nguvu zake nyingi humo, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta protini pamoja na kalsiamu. Tatizo ni mahindi yanayoteuliwa kwa ajili yake. Yale yaliyoota ukungu, ambayo mama wa nyumbani anayatenga ili watoto wasiyale, ndiyo yanayosagwa kuwa unga wa mbwa, na humo ndimo iliko sumukuvu. Sumukuvu haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua wengine Dodoma na Manyara. Ini la mbwa ni miongoni mwa yanayoathirika upesi zaidi kwa sumu hii, na yeye anakula bakuli lilelile asubuhi na jioni, mwaka mzima. Mfuko wa kiwandani nao hauna kinga: mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mbwa zaidi ya 100 walikufa Marekani baada ya kula chakula kikavu kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa mbwa. Na chembe zinazopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi dukani ni za kuepuka, kwani ule mpako wa mafuta huchacha ukipigwa na hewa na joto, na tarehe ya mwisho imebaki kwenye gunia ambalo hulioni.

Baada ya aina, kinabaki kiasi, na naamini kiasi ndicho kinachoumiza mbwa wengi zaidi waliotunzwa vizuri. Katika utafiti wa Purina uliochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 walipangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, na mmoja wa kila jozi akapewa pungufu ya robo ya alichokula mwenzake, chakula kilekile, maisha yake yote. Waliopunguziwa waliishi wastani wa miaka 13; wenzao 11.2. Kwamba mlipaji alikuwa kiwanda cha chakula ni jambo la kuzingatia, ila matokeo yalimshauri mteja anunue kidogo zaidi, jambo ambalo halikuwa na faida kwa muuzaji. Kipimo chake nyumbani ni mikono: pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu zihesabike kwa kugusa.

Vitafunwa huingia katika hesabu hiyohiyo. Mbwa mkubwa wa kilo 10 aliyehasiwa huhitaji takriban kilokalori 600 kwa siku, na madaktari hushauri vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi, yaani 60. Chapati moja hupita 200. Atakayesema kwamba kumnyima ni ukatili namwelewa, lakini walimu wa mbwa hutoa vipande vya ukubwa wa punje ya njegere siku nzima na mbwa hawachoki kutii. Karoti, nyama isiyo na chumvi wala kitunguu, au chembe za mlo wake wenyewe zilizotengwa asubuhi zinatosha. Kitafunwa kigumu kisichobonyea kwa ukucha wa kidole gumba huvunja magego. Zabibu zinaweza kuharibu figo. Na kabla ya kumpakia siagi ya karanga, soma kopo: ikiwa imetiwa zailitoli badala ya sukari, gramu 1 tu inatosha kumshusha mbwa wa kilo 10 sukari ya damu hadi akaanguka, mara nyingi ndani ya saa moja, na hapo ni kumkimbiza kwa daktari bila kungoja dalili.